Visiki vya Mama Ngitili

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana wakianza wengine wataupamba. Mimi ndiye niliyeandika kibali cha kuni za msiba wa mtu aliyekuwa hai. Siku hiyohiyo marehemu alikuwa sokoni Tinde anauza karanga, na jioni mimi nilizila karanga zake, kwa sababu mke wangu ndiye aliyezinunua. Kibali nilikiandika kwa mwandiko wangu ule mzuri wa shule, nikagonga muhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulitoka hafifu.

Ilikuwa hivi. Kijijini kwetu tuna ngitili, yaani eneo la miti na majani tunalolifunga mvua zikianza, likapumzika, halafu tunalifungua kiangazi kikikaza ili ng'ombe wapate cha kutafuna. Ndani yake hukati mti. Ruhusa ni moja tu: ukifiwa, unakata kuni za msiba na hakuna anayekusumbua. Unapita kwa karani wa kamati, anakuandikia kijibarua, unakwenda kulia kwako. Karani nilikuwa mimi. Wala sikuchaguliwa kwa uhodari. Nina kidato cha nne, na kila ukija kwangu unanikuta. Wenzangu wamekwenda migodini, wamekwenda Mwanza, wamerudi, wamekwenda tena. Mimi safari yangu kubwa ilikuwa kwa shemeji yangu Kagongwa, nikarudi siku ileile kwa sababu godoro lao lilikuwa gumu.

Akaja mtu na lori. Alishuka na kofia mkononi, sura ameilegeza.

"Karani, nimefiwa na mama mkwe."

Nikampa pole, nikamsogezea kiti. Nikauliza msiba uko wapi, akanyoosha kidole magharibi, akaonyesha wilaya nzima. Sikujiuliza kuni za msiba mmoja zinataka lori la nini. Nikaandika: "Mleta barua hii aruhusiwe kukata kuni za msiba kiasi kitakachotosha." Hayo maneno mawili, kiasi kitakachotosha, nitazikwa nayo. Kilichomtosha kilikuwa kona nzima ya magharibi ya ngitili: mitundu, mininga, na mgunga mmoja mzee ambao nyani walikuwa wakigombania vivuli vyake. Alikata akiwa na barua mfukoni, na waliomwona walimpa pole.

Kwamba mpaka leo watu hawajasahau jambo hilo ni kazi ya mtu mmoja, na huyo ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake sitalitaja. Mimi nilimwita Mayu, kama tunavyomwita mama yeyote Usukumani, na kijiji kilimwita Mama Ngitili. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, tafuteni wenyewe. Sikukaa hapa kumsifu. Nimekaa kumlipa. Nimesubiri mpaka asiwepo, kwa sababu alipokuwepo sikuthubutu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye baiskeli ya kiume. Ile baiskeli ilikuwa ndefu kuliko yeye. Akitaka kuipanda alitafuta kichuguu. Hakubeba panga wala rungu. Alibeba kijiti cha kuhesabia ng'ombe na kopo la majani ya chai lililojaa mbegu, na kwenye mpini palikuwa na kengele. Kengele hiyo wasiomjua walidhani ni ya kuomba njia. Kuomba njia yeye? Kengele ilikuwa ya wakosaji. Ukikata mti wake, kila asubuhi akielekea ngitili alisimama mbele ya mji wako, akaipiga mara tatu, halafu akakusalimia kwa sauti ya kusikika hadi kisimani:

"Mwangaluka, kisiki!"

Yaani umeamkaje, kisiki. Halafu anaendelea na safari. Hakutukana wala hakushitaki. Mzee mmoja aliyekata mti wa kutengeneza mlango alivumilia salamu hiyo msimu mzima wa kulima, mwishowe akaung'oa mlango, akaurudisha kwake kichwani, akasema, "Mayu, chukua, nitalala wazi." Mayu akaupokea, akaufanya banda la kuku. Kesho yake asubuhi akapita: ngiringiri, ngiringiri, ngiringiri. "Mwangaluka, kisiki!"

Mzee akatoka analia. "Si nimerudisha?"

"Umerudisha mlango. Mimi nilipotelewa na mti."

Hiyo ilikuwa salamu tu. Adhabu yenyewe ilikuwa jina. Kila kisiki kilichokatwa kwa wizi alikipa jina la aliyekikata, na jina hilo akaliweka vinywani mwa watoto wanaochunga ng'ombe. Hakuwaeleza sababu. Aliwaambia tu, "Leo wapelekeni Kwa Mchungaji, kesho Kwa Mwenyekiti." Watoto wakashika. Baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka pale palikuwa panaitwaje zamani. Mwenyekiti wetu wa kitongoji alipogundua kwamba mahali ambapo ng'ombe wote hupumzika na kunya panaitwa kwa cheo chake, aliitisha kikao. Mayu alihudhuria, akakaa mbele, akasema, "Futeni jina, mkishaurudisha mti." Kikao kikahamia kwenye suala la choo cha shule.

Watu wa nje walimpenda, kwa sababu walikaa naye saa mbili tu. Walikuja na gari jeupe na kamera, wakimwita shujaa wa mazingira. Dada mmoja mwenye miwani alimwomba aukumbatie mti wampige picha.

"Una siafu," Mayu akasema.

"Kidogo tu, Mama, dakika moja."

"Basi kumbatia wewe, mimi nikupige."

Yule dada akakumbatia kwa moyo mweupe. Alipoanza kurukaruka na kujipekua gauni, Mayu alikuwa ameshaishika kamera kwa makini, anauliza kitufe ni kipi.

Alikuwa na maneno yake. Ukimwambia asamehe, alijibu, "Sisamehi, nina kazi," kama vile kusamehe ni safari ya mjini ambayo hana nafasi nayo. Kanisani alikuwa hakosi Jumapili, kiti cha pili kutoka mbele, na sauti yake katika sala ilizizidi zote. Ila tukifika pale tunapomwambia Mungu kwamba na sisi tunawasamehe waliotukosea, alifumba mdomo kabisa. Unasikia kanisa linapungua uzito. Halafu anarudi kwenye sehemu ya vishawishi kwa nguvu zote. Katekista alimwita kando. Mayu akamwambia, "Nyumbani kwa Mungu nidanganye? Wewe unaweza?" Katekista alikuwa na kisiki chake kidogo, cha mpini wa jembe, kwa hiyo hakuendelea.

Msidhani alikuwa mtu mnyoofu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa fundi wa matimba kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu. Matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya shimo ili kuta zisiwaangukie watu. Ndiyo kusema mwanawe alikula kwa miti iliyokatwa, na bati la nyumba ya Mayu lilinunuliwa na mwanawe. Siku moja nilimchokoza: "Mayu, si umelala chini ya matimba hapo?"

Hakukasirika. Akaangalia juu. "Ndiyo maana mvua ikinyesha silali. Linanipigia kelele." Kisha akasema jambo ambalo wale wa gari jeupe hawakuliandika. "Shimo bila matimba ni kaburi. Sijasema wasikate. Nimesema wasinikatie mimi." Na nyuma ya nyumba yake alipanda mikaratusi, mti ambao aliuchukia kwa kuwa unanyonya maji kama mgeni asiye na haya, akawa anawauzia watu wa mashimo ili waache mitundu yetu. Aliimwagilia huku akiitukana.

Basi mwanawe huyo ndiye aliyepiga simu. Lori lilikuwa limeshaondoka siku kadhaa, kona ya magharibi iko wazi kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa, na Mayu anazunguka visikini bila kusema neno, jambo lililotutisha kuliko kengele. Simu ikaita. Mwanawe akasema, "Mayu, nimeshusha matimba hapa shimoni kwetu, nimekuta gogo lenye kovu la kamba ya mzinga wa baba." Babake alikuwa mrina asali, kamba ya mzinga wake ilikuwa imeula ule mtundu miaka mingi hata ikaacha mkunjo kiunoni. Mtoto aliyekua chini ya mti huo hawezi kuukosea.

Mayu akaja kwangu. "Karani, vaa viatu. Tunakwenda Bulyanhulu. Nataka mtu wa kuandika."

Mngenisifu kama ningesema papo hapo, "Mayu, barua ni yangu." Sikusema. Nilisema kifua kinanibana. Akasema huko kuna vumbi, kitabanwa vizuri. Njia nzima nilikuwa nahesabu: huenda yule mtu aliitupa barua, huenda ililoa, huenda panya. Kwenye pikipiki ya mwisho tulipanda mshikaki, mimi katikati, nikimwomba Mungu kimyakimya atume panya.

Tulifika kwenye shimo, ambalo kule wanaliita duara, na Mayu hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la magogo, akaanza kuyapapasa moja moja. "Hili la kwetu. Hili la kwetu. Hili silijui. Hili la kwetu." Alipofika kwenye lile la kovu, akavua kitenge cha begani, akalifunika kama unavyofunika maiti.

Sasa kule wachimbaji wanaamini mwanamke akisogelea mdomo wa duara dhahabu inakimbia. Msimamizi akaja mbio. "Mama! Mama yangu, shikamoo, tafadhali toka hapo, dhahabu itatukimbia!"

"Marahaba. Ikimbie." Akachukua ndoo, akaigeuza, akakaa kwenye ukingo kabisa wa shimo, akatoa choroko kwenye kikapu, akaanza kuzipembua. "Miti yangu imekimbia Tinde hadi hapa. Dhahabu yenu haiwezi kukimbia hadi Tinde?"

Watu walianza kupanda kutoka chini kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Mmoja alilia kweli. Msimamizi akamwangukia mwanawe Mayu: "Fundi, ongea na mama yako!" Mwanawe akasema, "Mimi nimeongea naye miaka thelathini, jaribu na wewe."

"Nani kakuuzia?" Mayu akauliza.

"Mtu wa Kagongwa, mwenye lori. Lakini Mama, sisi si wezi, tulimtaka karatasi akatupa. Karatasi tunayo!"

Wakaileta. Waliitunza kuliko ninavyotunza cheti changu cha kidato cha nne: ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kopo. Panya hakuwahi kuiona. Mayu alijua kusoma, polepole, lakini hakusoma. Aliangalia mwandiko. Akanigeukia.

"Karani, nisomee. Macho yangu leo yana vumbi."

Macho yake yalikuwa mazima. Nikasoma. "Kwa sauti," akasema. Nikasoma kwa sauti. "Wale wa nyuma hawajasikia." Nikasoma tena, mbele ya wachimbaji wote, mpaka kwenye kiasi kitakachotosha, na hapo kijana mmoja mwenye tochi kichwani akasema, "Ee bwana, huyu karani wenu ni mkarimu." Wakacheka mpaka wakasahau dhahabu. Mayu hakucheka. Alipembua choroko zake zikaisha, akaondoa mawe, akasimama. Njia ya kurudi hakunisemesha. Niliishukuru pikipiki kwa kelele zake.

Nilijua zamu yangu itafika. Ila kwanza alianza na Mwenye Lori, na hapo ndipo nilipomwona mtu huyu anavyofikiri.

Dagashida, yaani mkutano wetu wa jadi unaoamua kesi za ngitili, ulitaka kumtoza ng'ombe dume, yaishe. Mayu akakubali dume, akakataa yaishe. "Alisema kuna msiba," akasema. "Sisi ni watu gani? Jirani anasema amefiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kulia? Tumemkosea."

Akaulizia mkwe wa mtu huyo, akaenda sokoni Tinde, akanunua karanga kwa mama mkwe mwenyewe, akamwambia, "Dada, pole kwa kufa."

Kwa watu wa makabila mengine labda hilo ni utani. Kwetu mkwe ni mtu mzito. Mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake, hali chakula anapoonwa naye. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini hata kama kuna miiba. Sasa wewe umemwua kwa mdomo ili upate magogo! Yule mama alifunga karanga zake, hakumalizia hata kuuza. Akauliza tu, "Tunakwenda lini?"

Tukaenda Kagongwa, wanawake kumi na tano na mimi, kwa sababu Mayu alisema kila msiba unataka karani. Tulianza kulia tukiwa bado barabarani. Majirani wa Mwenye Lori wakatoka mbio na kanga viunoni, wakajiunga, bila kujua wanamlilia nani. Ndivyo watu wema walivyo. Mwenye Lori akatoka mlangoni, kaona umati, kisha kamwona mkwewe katikati yake, ameketi kwenye mkeka, mzima, anajipepea. Akarudi ndani kama aliyevutwa na kamba. Hakutoka siku tatu. Angetokaje? Marehemu alikuwa amekaa mlangoni.

Kwa kawaida msibani unakwenda na unga, unakwenda na chochote. Sisi tulikwenda na njaa. Dume la faini lilichinjwa hapohapo uwanjani kwake. Marehemu alipewa nyama wa kwanza, akaonja mchuzi, akasema, "Chumvi kidogo." Mzee mmoja wa mtaa, aliyechelewa kuelewa, aliuliza kwa huruma marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mama mkwe akamjibu, "Mpole. Lakini amebadilika."

Nilicheka, sikatai. Hadi siku ya pili, kuni zilipokwisha. Mayu alisema kuni za msiba anatoa mfiwa, akaelekeza kidole kwenye lori. Lilikuwa na bodi ya mbao. Wanawake wakazing'oa mbao za ubavu mmoja, wakapikia ugali; jioni wakang'oa za ubavu wa pili. Mke wa Mwenye Lori, mtoto wa huyohuyo mama anayekula mlangoni, alitoka akapiga magoti mbele ya Mayu. Alikuwa analia machozi ya kweli, peke yake katika msiba mzima.

"Mayu, lori hilo ndilo linalosomesha watoto. Yeye ndiye mkosaji, mimi nimekosa nini?"

 Nilidhani Mayu atasema basi. Akasema, "Mitundu nayo ilikosa nini?" na akaongeza ubao jikoni.

Lile jibu sikulipenda, na mpaka leo silipendi, na nimeliweka hapa makusudi. Hata marehemu aliacha kula. Siku ya tatu tulirudi kimya, na lori tuliliacha limesimama uchi juu ya mataili yake. Mwenye Lori aliuza kilichobaki akahamia upande wa Geita, na nasikia huko akiona mwanamke kwenye baiskeli anavuka barabara.

Zamu yangu ilikuja kimya. Hakunitoza, hakunipigia kengele. Nilianza kupumua. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Mimi ananiheshimu, ni msomi." Asubuhi moja nikiwa ndani nikasikia wachungaji wanaitana njiani: "Wapelekeni Kwa Kalani! Wote Kwa Kalani!" Sisi Wasukuma r na l tunazichanganya, nikajua ni mimi. Nikafurahi. Nikadhani kuna wageni, pengine wa gari jeupe, wamekuja kuniona. Nikavaa shati, nikamwambia mke wangu aweke chai. Nilitoka nikasimama uwanjani nikitabasamu, na ng'ombe kama mia mbili wakapita mbele yangu bila kunisalimia, wakaelekea kona ya magharibi.

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. "Wageni wako wanatumia sukari?"

Tangu siku hiyo pakaitwa Kwa Karani. Nilidhani patasahaulika. Shule ilipojengwa upande ule, wakaiita kwa jina la mahali. Washenga walipokuja kumposa binti yangu walielekezwa, "Mkifika Kwa Karani pindeni kushoto," na mmoja wao akauliza karani huyo alifanya nini hata akapewa eneo, na kwa bahati mbaya alimwuliza mtu anayejua. Mazungumzo ya mahari yakapoa ghafla. Nikaenda kwa Mayu kumwomba anitoe jina. Nikamtuma mke wangu. Nikamtuma katekista, naye akasema ana la kwake la kuombea. Nikaotesha miche kwenye kona ile, mimi nisiyependa jua, nikaibebea maji misimu mitatu. Mayu alipita na baiskeli yake, akasimama, akatazama. "Endelea," akasema, akaondoka.

Nina wajukuu sasa. Siogopi kufa. Naogopa mjukuu wangu atakaa darasani kwenye shule yenye jina hilo, na mwalimu atamwuliza linatoka wapi.

Kiangazi kilichopita Mayu akaniita. Alikuwa haendeshi tena baiskeli; macho yalikuwa yameingia ukungu, safari hii kweli. Ujumbe ulisema: njoo na kalamu. Nikamwambia mke wangu, "Imefika siku ya kufutwa." Akasema, "Vaa shati."

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jiko, anamenya viazi vitamu vya kuchemsha kwa kupapasa. Jirani yake Baba Masanja, mfugaji aliyepakana naye miaka yote, alikuwa pembeni ya uzio anasokota kamba ya ndama.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, Karani. Umekuja na shati. Nasikia linavyokwaruza."

Sikungoja. Nilikuwa nimejiandaa njiani. "Mayu, kona yangu huioni siku hizi, basi nikueleze. Vile visiki vyote vimechipua. Machipukizi yamekuwa miti, ukisimama chini huoni jua. Kovu halipo. Hata ndege wamerudi. Basi na jina litoke."

Alimenya kiazi, akakila nusu. "Miti imesamehe," akasema. "Mimi si mti."

Nikatoa kalamu.

"Andika," akasema. "Nikifa watadhani ni majina tu ya mahali. Watasema hapa paliitwa hivi kwa heshima ya mtu fulani. Nataka kila jina liandikwe pamoja na mti wake, na alichokatia. Karatasi itakaa ofisi ya kijiji. Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Nikaandika. Kwa Mchungaji, mninga, kitanda cha sita kwa sita. Kwa Mwenyekiti, mkola, viti vya kamati. Kwa Katekista, mpini. Alikuwa hakosei hata kimoja, anataja kwa mfuatano kama anatembea humo. Tukafika mahali panapoitwa Kwa Dogo, ambapo siku zote nilidhani ni dogo fulani wa ukoo mwingine.

"Kwa Dogo," akasema. "Mtundu mmoja mwembamba. Ni mwanangu wa kwanza. Aliuza aende migodini. Alikuwa na miaka kumi na saba."

Kalamu ilisimama. "Mayu, huyo pia?"

"Kwani aliuotesha yeye?" Sauti haikubadilika, ila mikono iliacha kumenya. "Anajua. Akija likizo hapitii njia hiyo. Andika."

Nikaandika. Halafu akataja la mwisho. "Kwa Karani. Kona nzima. Kwa barua."

Nitasema ukweli, kwa kuwa nilianza na ukweli. Pale nilikumbuka Bulyanhulu, wachimbaji wanacheka, nikakumbuka ng'ombe mia mbili na birika la chai. Nikamwangalia yule mama asiyeona, nikaona hakuna siku nyingine nitakayokuwa na nguvu kuliko yeye. Kalamu nikaipitisha juu ya karatasi bila kuigusisha, ikakwaruza hewa. Chini ya Kwa Dogo nikaacha peupe.

"Nisomee."

Nikasoma yote kwa sauti, taratibu. Nilipofika mwisho nikasoma na langu pia, lisilokuwepo, kwa sauti nzuri kabisa: Kwa Karani, kona nzima, kwa barua.

"Vizuri," akasema Mayu. "Sasa yote yamo."

Nikaikunja karatasi. Nilikuwa na furaha ya kishetani ambayo sijaipata tena. Baba Masanja alikuwa ameshaacha kamba yake. Amesimama nyuma ya bega langu, sijui tangu lini, na darasa la saba lake linamtosha kuhesabu mistari. Akapiga chafya, akajifuta, akasema mbele ya Mayu, bila hata kushusha sauti:

"Karani, usijisumbue na karatasi. Hata usipoandika, ng'ombe wangu wanapajua."